Kaka Alirudi na Masharti

Msomaji mwenzangu, tangu nimalize kidato cha nne nina kiu moja tu: kuandika riwaya. Siyo ya mapenzi. Nataka ya majambazi, ya kufukuzana usiku, ya askari kanzu. Kwa hiyo mama aliponiambia kaka anakaribia kutoka gerezani, nilifurahi mara mbili. Kwanza kwa undugu. Pili, nisiseme uongo, kwa ajili ya riwaya.

Kaka alifungwa miaka sita kwa kuvunja duka la jirani, mtaa wetu huu huu wa Manzese. Alikuwa amekaa ndani miaka miwili na miezi kadhaa tu. Ndipo nikaijua parole. Neno hilo nililisikia zamani redioni, Mzee Augustine Mrema alipoteuliwa mwaka 2016 kuwa mwenyekiti wa Bodi ya Parole, nikadhani ni cheo tu. Kumbe sheria yenyewe ni ya mwaka 1994. Mfungwa wa miaka minne au zaidi, akishatumikia theluthi moja na akaonyesha mwenendo mzuri, anaweza kufikiriwa. Wa kifungo cha maisha, wa unyang'anyi wa silaha na wa dawa za kulevya hawamo.

Na siyo msamaha, jamani. Hukumu inabaki palepale, ila kipande kilichobaki unakitumikia uraiani chini ya afisa wa parole. Ukivunja masharti, unarudi ndani kumalizia.

Kabla hajatoka, afisa alifika nyumbani. Akakaa kwenye kigoda, akauliza kwa upole: "Akija, mtampokea?" Mama alijibu kabla swali halijaisha. Mimi nikatazama chini. Mtaani nilikuwa naitwa mdogo wake mwizi, na jina lile lilikuwa limeanza kusahaulika.

Kaka akaja na mfuko mmoja, ufundi wa useremala aliojifunza gerezani, na karatasi ya masharti. Kila mwezi aripoti kwa afisa. Asihame wala kusafiri bila ruhusa. Asijiingize kwenye kosa lolote. Ile karatasi aliikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati, na kila akibadilisha shati aliihamisha.

Tulilala chumba kimoja. Nikanunua kaunta buku, nikawa nakesha na kalamu. Mama alidhani mwanawe anaandika kitabu.

Wiki ya tano, cherehani ya fundi wa nyumba ya pili ikaibwa usiku. Kufika saa mbili asubuhi uwanja wetu umejaa watu. Hakuna aliyeuliza nani kaiba. Waliuliza yuko wapi. "Apigiwe simu afisa wake, arudishwe alikotoka!" mmoja akapaza sauti, na wengine wakaitikia. Mwenyekiti wa mtaa akawa anawatuliza, lakini naye macho yake yalikuwa kwa kaka. Kaka hakujitetea. Mkono ulikuwa kifuani, pale penye karatasi. Miaka yote iliyobaki ilikuwa inaning'inia kwenye midomo ya watu.

Nikaingia ndani, nikatoka na kaunta buku. Nikasoma kwa sauti, mikono ikitetemeka: "Jumanne. Saa nne usiku kajilaza. Saa saba kaenda uani, karudi hapo hapo. Saa nane anakoroma. Saa kumi na moja kaamka, kaswali."

Kimya. Mwenyekiti akalichukua daftari, akafunua kurasa za nyuma. Kila usiku, tangu siku ya kwanza.

"Uliyaandika ya nini haya?"

Ningeweza kusema ni riwaya. Kila mtu angeamini.

"Nilikuwa namlinda asituibie," nikasema.

Watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Aliyeiba cherehani hajajulikana mpaka leo, na hakuna aliyemwomba kaka radhi. Mimi pia sikumwomba, siku ile. Usiku, taa imeshazimwa, ndipo aliposema: "Dogo, afisa wangu ananiona mara moja kwa mwezi. Kumbe zamu yako wewe haina mapumziko."

Sikupata jibu. Nilikuwa nimemtafuta askari kanzu wa riwaya yangu kila mahali, na kumbe alikuwa amelala kitanda cha pili, daftari chini ya mto. Nikamwambia, "Nisamehe, kaka." Akasema, "Lala."

Nikalala. Ulikuwa usiku wangu wa kwanza kulala tangu arudi.

Mwezi uliofuata afisa alipita nyumbani. Akakaa kwenye kigoda kile kile, akauliza mwenendo wa mtu wake ukoje. Mama akafungua mdomo, lakini safari hii nilimtangulia.