Moshi wa Nalufenya, Umeme wa Jinja

Jinja ina fumbo lake. Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, maji ya Nile yanazalisha umeme hapa. Hata hivyo, jioni ikifika, mtaa wetu wa Nalufenya hunuka makaa. Tunaowapelekea wengine umeme ndio tunaopika kwa moshi.

Makaa si chanzo pekee. Nalufenya iko kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala. Malori ya dizeli hupunguza mwendo kwenye mzunguko, kisha huondoka kwa kishindo yakitema moshi mweusi. Ongeza bodaboda, taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, na vumbi la kiangazi. Chembe ndogo kabisa za moshi huo hupenya hadi ndani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe hizo kutoka wastani wa mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka.

Shangazi yangu huchoma mahindi na gonja kando ya barabara hiyo. Sehemu ya karo yangu hutoka kwenye jiko lake, na kikohozi hakimwachi. Nilipomsihi apumzike, alinijibu, "Mwanangu, nikizima jiko hili, utasoma kwa nini?" Swali hilo linanifundisha kwamba kupiga marufuku makaa bila kutoa mbadala ni kumwadhibu maskini.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, wachuuzi wakopeshwe majiko sanifu yanayotumia makaa machache, na umeme wa kupikia uwe wa bei nafuu. Pili, sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini yaliyokwishaingia nayo yakaguliwe moshi. Tatu, mabasi ya umeme ya Kiira Motors, yenye kiwanda hapa Jinja, yatuhudumie sisi majirani. Nne, taka zikusanywe kwa ratiba, na zinazooza ziwe mbolea. Mwisho, vipimo vya hewa, kama vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, visomwe redioni kwa lugha zetu.

Jinja ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Hadhi hiyo itakuwa na maana siku shangazi atakapopata riziki yake bila kuilipia kwa pumzi.