Kwanza Alale Wapi

Kwetu Uru, Uchagani, mume aliyempiga mkewe akitaka arudishiwe, huenda ukweni na jani la isale. Kwa Mchaga, anayekuja na isale hafukuzwi. Wazee huketi, mbege huletwa, mume hukemewa hasa, na jua halijazama mama yuko njiani kurudi. Nimehudhuria vikao hivyo. Aliyepigwa huulizwa mwisho, tena mbele ya baba, kaka na wakwe: "Umemsamehe?" Nani atathubutu kusema hapana, na isale limeshapokelewa?

Huku Helsinki ninakoishi, mama hupiga Nollalinja, simu ya bure inayopokelewa usiku na mchana, au hubisha hodi kwenye nyumba ya hifadhi. Halipi kitu, wala hadaiwi barua. Akitaka hata jina halitaji. Gharama za nyumba hizo hubebwa na serikali tangu 2015. Si kwamba Wafini hawapigi wake zao. Utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2014 ulikuta wanawake 47 katika kila 100 nchini Finland wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono tangu wakiwa na miaka 15. Ila usiku ule wa kukimbia, hakuna anayemdai mama msamaha.

Moshi nako mlango kama huo upo. Shirika la KWIECO, linalowapa wanawake msaada wa kisheria, lina nyumba ya hifadhi iliyosanifiwa na Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman, wa hapahapa Helsinki. Lakini mama wa Kibosho juu akishuka mjini anaacha migomba, kahawa, ng'ombe zizini, pengine na watoto, na kihamba, shamba la nyumbani, ni cha ukoo wa mume. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kumpiga mwenzi. Hakimpi pa kulala.

Wazee siwakatai. Hapa Helsinki mama akishapewa fleti yake, anaweza kumaliza majira yote ya baridi bila mtu kumgongea mlango. Ukoo hausahau mtu hivyo. Ninachotaka ni mpangilio ubadilike: kwanza alale salama, apate fomu ya polisi ya PF3, atibiwe hospitali ya Mawenzi, aandikishe maelezo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Isale lisubiri hadi yeye mwenyewe aseme yuko tayari kulisikiliza.

Ndugu zangu, Desemba tunapanda tena mlimani. Kikao kikiitwa, mchukueni dada yenu pembeni kabla wazee hawajaketi, mumuulize anataka nini. Akisema hataki kurudi, ingieni kikaoni mkalisema hilo kwa niaba yake, na nauli ya kushuka Moshi iwe mfukoni mwenu.