Kasha la Bibi



Mapenzi yangu ya samani za kale za mashambani Ufaransa yalianzia pichani. Huko Normandy, bibi arusi alikuwa akiingia kwa mumewe na kabati la mwaloni lililojaa mashuka, milango yake imechongwa njiwa, maua na masuke ya ngano. Taa zao za mezani, zilizowaka zamani kwa mafuta, nyingi zimetiwa umeme na zingali zikitumika. Nikaazimia kununua moja.

Ili nipate pesa, nilikubaliana bei na mfanyabiashara wa vitu vya kale juu ya vitu viwili vilivyokuwa stoo: kasha la marehemu bibi, lenye njumu za shaba, aliloingia nalo arusini, na taa ya chemni aliyotuwashia tukisoma Kurani.

Nilipomweleza mama, hakunikemea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, hiyo ni mirathi. Wajomba zako umewauliza?"

Niliona haya. Nilikuwa nikiuza nisichokimiliki, urithi wa bibi yangu, ili ninunue kumbukumbu za bibi wa watu wengine.

Nilirudisha arubuni siku ile ile. Wajomba, Mungu awalipe kheri, waliridhia vyote vibaki kwa mama. Tumezisugua njumu kwa ndimu na jivu, na fundi ameitia taa waya. Jioni, sebuleni kwa mama, wanangu husoma Kurani kwa mwanga wake.