Kutuma barua pepe kutoka SQL Server: iliyotoka si iliyofika

Leo nataka tuone jinsi hifadhidata yenyewe inavyoweza kutuma barua pepe, bila programu nyingine pembeni. Mfano ninaotumia ni kazi ninayoifanya huku Nyeri, upande wa Othaya, kwa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Jina lake nitalihifadhi.

Kwa asiyeijua kahawa: mkulima huchuma matunda mekundu asubuhi, huyapeleka kiwandani, yanapimwa, anapewa risiti, kisha jioni hiyo hiyo yanamenywa kwa mashine. Yakishamenywa hakuna wa kuyapima tena. Mkulima aliyeleta kilo 84 na kitabuni ikasomeka 48 hana ushahidi ila ile risiti, na risiti hulowa mvua, hupotea, huchezewa na watoto. Kinachobaki ni namba iliyo kwenye seva. Na namba ya kwenye seva mtu mwenye nenosiri anaweza kuibadilisha. Mimi ninalo nenosiri hilo.

Ndiyo maana kamati iliamua kwamba kila siku saa mbili usiku jedwali la kilo zote za siku hiyo litumwe kwa karani, mwenyekiti na mkaguzi wa hesabu aliye Nyeri mjini. SMS haitoshi; mkulima hupata yake yenye kilo zake, lakini jedwali la viwanda kadhaa haliingii katika herufi 160. Barua pepe ikishafika kwa mkaguzi, hata mimi siwezi kuigusa.

Sasa tuingie kazini. Zamani SQL Server ilikuwa na SQL Mail, iliyohitaji uweke Outlook au programu ya jinsi hiyo juu ya seva. Balaa tupu! Toleo la 2005 lilileta Database Mail, inayozungumza moja kwa moja na seva ya barua kwa SMTP, na SQL Mail ikaondolewa kabisa toleo la 2012. Unawasha Database Mail, unatengeneza akaunti (anwani, seva, nenosiri), unaiweka ndani ya profaili, kisha amri ni hii:

EXEC msdb.dbo.sp_send_dbmail
  @profile_name = 'Ripoti',
  @recipients = 'mkaguzi@example.org',
  @subject = 'Kilo za leo',
  @query = 'EXEC Ushirika.dbo.KiloZaLeo',
  @attach_query_result_as_file = 1;

Saa ya kutuma unampa SQL Server Agent. (Wenye toleo la bure la Express, msihangaike kuitafuta: Agent haipo na Database Mail haipo. Andikeni skripti ndogo iendeshwe na Windows.)

Ukiendesha amri hiyo utaona maneno "Mail queued". Usishangilie. Maana yake ni kwamba barua imepanga foleni ndani ya msdb, basi. Usiku wa kwanza mama karani alinipigia simu.

"Kijana wangu, mbona sijaona kitu?"

"Nipe dakika chache, mama, niangalie foleni."

Mahali pa kuangalia ni msdb.dbo.sysmail_allitems, safu ya sent_status, na sababu utazipata kwenye sysmail_event_log. Kwetu ilisomeka "failed": seva haikuweza kuunganishwa. Kampuni inayotupa intaneti ilikuwa imefunga poti 25, jambo ambalo kampuni nyingi hufanya kuzuia barua taka. Tulihamia poti 587, tukawasha usimbaji. Poti 465 msijaribu, kwa sababu Database Mail huanza kuongea wazi kisha ndipo husimba, na 465 inataka usimbaji tangu neno la kwanza.

Usiku wa pili hali ikasomeka "sent", na mkaguzi bado hakuona kitu. Ilikuwa kwenye folda ya barua taka. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu "sent" inamaanisha seva ya kwanza imeipokea, si kwamba mwenyewe ameisoma.

SMTP iliandikwa 1982, na haikumuuliza mtumaji athibitishe yeye ni nani. Ni kama posta ya Karatina: nyuma ya bahasha unaweza kuandika jina la yeyote. Viraka vilivyokuja baadaye ni SPF, orodha kwenye DNS ya seva zinazoruhusiwa kutumia domeni yako. DKIM, sahihi inayobandikwa kwenye kila barua. Na DMARC, inayosema barua isiyotimiza hayo ifanywe nini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kamba zaidi. Domeni ya chama haikuwa na hata kimoja. Tuliviweka vyote vitatu, na barua ikaanza kuingia mahali pake.

Kuna kitu kimoja nimeongeza, na kwangu kina thamani kuliko hayo yote. Kila barua ina namba ya mfululizo kwenye kichwa chake: 211, 212, 213. Umeme ukikatika Othaya, au mtu akizima Agent kwa makusudi, mkaguzi ataona 214 haikuja saa mbili, au namba imeruka, naye atauliza. Hategemei mimi nimwambie.

Angalizo: kila barua hubaki ndani ya msdb pamoja na viambatisho vyake mpaka uifute kwa sysmail_delete_mailitems_sp. Sisi hutuma namba ya uanachama na kilo tu, bila majina wala vitambulisho, maana sheria ya kulinda data ya 2019 ipo na inauma.

Msimu mkubwa huku ni Oktoba hadi Desemba. Jedwali litanenepa, na kiambatisho kikipita baiti 1,000,000 Database Mail hukikataa isipokuwa umepandisha kikomo. Nimeshakipandisha.