Regyuleta kwa Betri Iliyochoka

Nilianza ufundi wa redio, taa na chaja hapa Koboko, Uganda, enzi ambazo eneo letu la West Nile halikuwa bado kwenye gridi ya taifa. Umeme wa Arua ulitoka kwa jenereta za kampuni ya WENRECO, na hata mitambo ya maji ya Nyagak ilipoanza kutoa megawati 3.5 mwaka 2012, wengi wetu huku mpakani tuliendelea na sola. Kazi yangu yote imekuwa kazi ya betri.

Mama mmoja mfanyabiashara wa njia ya Oraba aliniletea taa ya sola yenye betri ya asidi ya volti 6 na tundu la kuchajia simu. "Fundi, mbona mchana simu inachaji vizuri, usiku inakataa?" Alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba betri imekufa, anunue nyingine.

Nilifungua, nikakuta 7805, regyuleta ambayo mafundi wote huku tunaijua. Nikapima kwa mita, mama akiangalia. Kwenye betri, volti 6.1. Kwenye tundu, volti 4.3, na simu inataka 5. "Betri yako ni nzima, mama. Ila hiki kidude ni kama kizuizi cha barabarani: hakipitishi kitu mpaka kichukue ushuru wake, na ushuru wake ni karibu volti 2." Mchana, jua likiwa kali, paneli huipandisha betri ya namna hiyo hadi karibu volti 7.2, kwa hiyo hata baada ya ushuru 5 inabaki. Jua likizama, betri inarudi kwenye 6 na kidogo, na hapo hesabu haitimii tena.

Nilimwekea regyuleta nyingine, LM2940. Miguu yake imepangwa sawa na ya 7805, kwa hiyo unatoa moja na kulehemu nyingine palepale. Hii huridhika na nusu volti tu, hata inapopitisha ampea 1. Tofauti iko kwenye transista ya ndani. Ile ya 7805, ili ifunguke, lazima mguu wake wa kuiamrisha uwe juu ya volti inayotoka, na nafasi hiyo ya juu ndiyo volti 2 zinazopotea. Ya LM2940 ni ya aina ya PNP, inaamrishwa kwa kuvutwa chini, haihitaji nafasi hiyo. Ilikusudiwa magari, ambamo volti ya betri huanguka stata inapozungushwa. Bila regyuleta ya namna hii, taa nyingi zilizopita mezani pangu zingetupwa zikiwa nzima.

Lakini vijana ninaowafundisha nawakanya wasidhani regyuleta hii inaokoa umeme kila mahali. Kutoka volti 6 kwenda 5, sehemu moja tu kati ya sita inageuka joto. Kutoka betri ya volti 12 kwenda 5, zaidi ya nusu inateketea, uweke 7805 au LM2940. Kwa ampea nusu ni wati 3.5 za joto, na hata bati la kupozea halirudishi umeme huo. Hapo weka saketi ya kubadilisha volti kwa kukatakata, yenye koili.

Jambo la pili ni kapasita ya upande wa kutokea umeme. Kuna redio iliyoletwa kutoka Arua ikipiga mluzi kila stesheni, tayari ina LM2940. Aliyeiweka alitumia kapasita ndogo ya kauri. LM2940 inataka angalau mikrofaradi 22, tena kapasita yenye ukinzani kidogo ndani yake. Ikikosa ukinzani huo, regyuleta inayumba na kutetema yenyewe. Niliweka ya elektroliti, mluzi ukakoma. Karatasi ya vipimo inalieleza hilo wazi, na hakuna fundi anayepaswa kulehemu kabla hajaisoma mpaka mwisho.

Siku hizi betri za asidi zinapungua, lithiamu ndiyo imejaa mezani. Nililetewa kifaa cha kurekodi joto la friji ya chanjo, ambazo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kilikuwa kinajizima hovyo. Betri yake ya lithiamu huanza volti 4.2 ikijaa na kushuka hadi karibu 3, na kifaa kilitaka 3.3. Kilikuwa na regyuleta ya AMS1117, inayodai volti 1.1 hivi juu ya inachotoa: 4.4, kiasi ambacho betri hiyo haifikii hata ikijaa pomoni. Tena yenyewe hula karibu miliampea 5 bila kazi yoyote, na betri ya miliampea-saa 2000 inaisha kwa saa 400, siku 16 na ushee. Niliweka MCP1700, ambayo hula mikroampea chini ya 2 na kuridhika na sehemu ndogo ya volti. Mpangilio wa miguu ni tofauti, na haivumilii zaidi ya volti 6 kuingia, kwa hiyo kwenye betri ya gari haifai kabisa.

Kijana akija na mchoro wake sasa, simuulizi betri ni ya volti ngapi. Namwambia aniandikie volti ya betri hiyo saa kumi ya usiku, taa ikiwa imewaka tangu magharibi, na mkondo ambao mzigo utavuta saa hiyo. Akishaandika hizo mbili, ndipo tunafungua droo ya regyuleta.