Beti Moja, Herufi 160

Sisi watu wa shairi tumelelewa katika kuhesabu. Kabla mtu hajaelewa maana ya beti, huwa keshajua kwamba mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kwamba atakayepunguza au kuzidisha hasamehewi barazani. Kumbe wapo na wengine waliokuwa wakihesabu. Mwaka 1985 Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa mbele ya taipureta akachapa sentensi za kila namna, maswali, salamu na habari za kawaida, akaona kwamba nyingi zinatosha ndani ya herufi 160. Kipimo hicho ndicho kilichowekwa katika ujumbe mfupi wa simu.

Nina hakika hakutufikiria sisi wa Pemba. Hata hivyo, msomaji, chukua kalamu uhesabu nami. Hii ni beti niliyompelekea rafiki yangu wa Wete, mshairi kama mimi, mwanzoni mwa malumbano yetu:

Waraka nenda salama, upepo usikuchoshe,
Kwa yule mwenye hekima, mwambie na mkumbushe,
Bandarini nasimama, jibu lake alishushe,
Hata liwe la lawama, naomba anionyeshe.

Ukihesabu herufi, nafasi na alama zote, utapata 166. Zimezidi sita, na hizo sita zingenitoza ujumbe wa pili. Ondoa koma saba na nukta moja, zitabaki 158, na beti itasafiri nzima kwa gharama ya ujumbe mmoja. Wala hakuna kilichopotea, kwani kina ndicho kinachomwambia msomaji wapi apumzike. Koma katika shairi letu ni mgeni aliyekuja na matbaa.

Kutosha ni jambo moja, kuandika ni jambo jingine. Katika simu tulizoanza nazo, batani moja ilibeba herufi tatu au nne, na mtu alibonyeza mpaka aifikie aitakayo. Neno “shairi” lenyewe lilikuwa hivi: s mara nne, h mara mbili, a mara moja, i mara tatu, r mara tatu, na i mara tatu tena. Jumla yake ni 16, sawa na mizani ya mshororo mzima! Vijana walipoanza kuandika “xaxa” badala ya “sasa” na “cjui” badala ya “sijui”, wazee walizilaumu skuli, na walimu wakawalaumu wazazi. Mimi nailaumu batani ya 7. Herufi s ilikaa ya nne humo, ilhali x ilipatikana kwa kubonyeza mara mbili tu. Lugha yetu ina s nyingi, na kidole kina uvivu wake.

Ndiyo maana simu zenye kibodi kamili, herufi zikiwa zimepangwa kama za taipureta, kila moja na batani yake, kwangu hazikuwa pambo. BlackBerry tulizisikia mapema, lakini zilitaka kifurushi maalumu cha kila mwezi, na hayo yalikuwa mambo ya watu wa maofisini. Mwishoni mwa 2008 kampuni ya Nokia ilitangaza E63, ndugu wa E71 kwa sura lakini nafuu zaidi kwa bei, na baada ya muda zikaanza kutufikia za mkono wa pili. Yangu ilitoka Maskati ndani ya mkoba wa jamaa aliyekuja kula Idi nyumbani. Katika simu hiyo “shairi” ni kubonyeza mara sita. Herufi q na x zilikaa bure kama wageni wa arusi wasiojua kupika.

Ilikuwa na jambo jingine ambalo mwenye kuitengeneza huenda alilihesabu dogo: ukiibana ile batani ndefu ya nafasi, taa huwaka. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuanza kutuletea umeme mwaka 2010, kisiwa chetu kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na usiku wa giza haukuwa habari. Batani ile ile iliyotenga neno na neno ilimulika ukurasa wa kamusi.

Kwa kazi ya kutafsiri, barua pepe ya mkononi ilibadilisha mengi. Zamani nilikwenda Chake Chake, nikalipia nusu saa ya kompyuta, nikachapa nikiitazama saa ya ukutani kuliko nilivyoitazama tafsiri, na umeme ukikatika kila kitu kilikwenda nao. Kwa simu niliandika kidogo kidogo, nikahifadhi, nikasubiri mtandao upatikane, nikapeleka. Msimu mmoja wa karafuu mhariri wa bara aliniandikia kuuliza “makonyo” ni nini, nami nimekaa juu ya jamvi nikiyachambua. Nilimjibu kwamba ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na kwamba navyo huuzwa. Mikono yangu ilikuwa na harufu ya jawabu. Kwa posta swali hilo lingenikuta msimu umekwisha.

Lakini faida niliyoipenda zaidi ni ile ya kujibizana. Kisiwa hiki kina desturi hiyo tangu zamani. Kamange na Sarahani, washairi wetu wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ile ya ishirini, walijibizana kwa tungo, na kilichotufikia kimetufikia kwa sababu wapo waliozihifadhi kwa moyo na wapo waliozinakili. Rafiki yangu wa Wete alikuwa wa mkondo huo. Alikuwa na simu ya kibodi kama yangu, na kwa miaka kadhaa tulipelekeana beti: fumbo asubuhi, jawabu baada ya isha. Mara moja alitaka kuniandikia kwa herufi za Kiarabu, kama alivyoandika babu yake, akakuta nafasi imekatwa. Kwa khati hiyo ujumbe mmoja hubeba herufi 70 tu, kwa kuwa kila herufi huchukua mahali pakubwa zaidi ndani ya mashine. Akanipigia simu kunambia kwamba hesabu ya dunia haikuulizwa kwa wazee wetu. Nilicheka, lakini sikuwa na la kumjibu.

Zama za simu zile zilipita haraka. Juni 2017 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Nokia za aina ya E63, na Januari 2022 huduma za BlackBerry za mtindo wa zamani zikazimwa. Sasa tuna simu za kupangusa. Zina mengi ya kheri, ila zina tabia ya kumsahihisha mtu asiyekosea: unaandika neno la Kipemba, yenyewe inalivua nguo na kulivisha la Kizungu. Wengi wameacha kuandika, hutuma sauti. Silalamiki, shairi ni sauti tangu mwanzo, lakini sauti haina pa kutia kidole na kusema hapa mizani imezidi.

Rafiki yangu alifariki. Miezi michache baadaye mjane wake aliniletea simu yake ya kibodi, akiamini kwamba tungo za marehemu zimo ndani. Tulitafuta chaji, ikawaka. Tungo zilikuwamo nyingi sana, na takriban zote zilikuwa zangu. Simu zile huweka kwa wingi ujumbe ulioingia. Ule uliotoka hubakisha michache ya mwisho, mwingine hufutika wenyewe. Kwa hivyo yeye alikuwa amenihifadhia mimi. Nikaenda kabatini nikaitoa simu yangu ya zamani, nikaitia chaji, nikamsomea mjane tungo za mumewe.

Aliomba nimwandikie kwenye daftari, kwa wino, kwa kuwa simu hizi zitazima siku moja zisiwake. Naziweka simu mbili mezani, yake kushoto na yangu kulia, nafuata tarehe, nanakili beti na jawabu lake. Koma nazirejesha, kwani kwenye daftari hazitozwi. Mjane hukaa karibu akisikiliza. Baadhi ya beti anazijua, maana alizisikia zikisomwa jikoni kabla hazijapelekwa. Nyingine humfanya aniulize tulikuwa tukimsema nani, nami namtajia wale ambao bado wanaweza kutajwa. Tumefika kurasa thelathini na moja. Ipo beti yangu moja, fumbo la kisima na ndoo, ambayo jawabu lake halimo katika simu yoyote kati ya hizo mbili. Chini yake nimeacha mistari minne mitupu.