Maji ya Mikono Huja Mwisho

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata moja jirani na Mwadui, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Kazi yangu ni kupita kaya kwa kaya na rejesta: naangalia choo, mahali pa kunawia, chombo cha maji ya kunywa, na kuuliza ni mtoto gani ameharisha. Wageni wanaokuja kututembelea huuliza swali lile lile: wananchi wana elimu ya kunawa mikono?

Wanayo. Muulize mtoto wa darasa la pili, atakutajia nyakati zote bila kusita: kabla ya kula, ukitoka chooni, ukimaliza kumsafisha mtoto. Bibi yake alisikiliza vipindi vya Mtu ni Afya redioni mwaka 1973. Mama yake amepitiwa na kampeni ya Nyumba ni Choo. Elimu imefika. Ambacho hakijafika, au kinafika na kukatika, ni maji.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Kwa kaya ya watu wanane hizo ni lita 200, yaani madumu kumi. Njoo huku mwezi wa tisa, malambo yamekauka na kubaki tope la kwato za ng'ombe, uhesabu madumu yaliyopangwa mlangoni. Manne. Kwa mwenye mkokoteni wa punda labda sita.

Mtu akinawa sawasawa, kwa sabuni na maji yanayotiririka, anatumia kama nusu lita. Watu wanane wakinawa mara tano kwa siku, hizo ni lita 20. Tunamwambia mama aliyechota madumu manne kwamba dumu moja zima ni la kumwaga chini.

Dumu lina foleni yake ndani ya nyumba. Kwanza maji ya kunywa, kisha ya kupikia ugali, kisha ya ndama na kuku, kisha ya kuoga na kufua nguo za mtoto mchanga. Mikono iko mwisho wa foleni, na mara nyingi dumu huisha kabla zamu yake haijafika. Mama mmoja niliyekwenda kumhimiza alinitolea kipande cha sabuni ya mche, kikavu kimepasuka. "Mayu, sabuni hiyo hapo," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nipe maji."

Ukikaa kula na familia utaona jambo ambalo fomu zetu hazina pa kuliandika. Beseni dogo la maji huletwa. Mzee ananawa kwanza, kwa kutumbukiza mikono. Anafuata kaka, anafuata mgeni, wanafuata vijana. Likifika kwa watoto, maji yamekuwa ya kijivu, na ndani yake kuna vumbi la wote waliotangulia. Hapo kila mtu amenawa, na anayeugua ni yule wa mwisho, mwenye miaka mitatu.

Vibuyu chirizi vya kunawia mikono navyo vina maisha yake. Siku mradi unapokuja, kila kaya inatengeneza: miti miwili yenye panda, dumu la lita tano lililotobolewa kwa msumari, kamba, kijiti cha kukanyagia, sabuni imening'inizwa pembeni. Picha zinapigwa, idadi inaandikwa. Mtaalamu anaondoka. Baada ya hapo mchwa wanaanza kula miti kuanzia chini. Mbuzi anatafuna kamba. Jua la Shinyanga linaikausha plastiki hadi inapasuka ukiigusa. Panya wanakula sabuni. Msimu wa kupalilia ukifika, dumu linafunguliwa na kupelekwa shambani na maji ya kunywa, kwa sababu nyumbani hakuna dumu jingine dogo. Mradi mmoja ulirudi kukagua na kutangaza siku ya ukaguzi mapema. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilisikia misumari ikigongwa kila kaya. Takwimu zao zikatoka safi.

Kwenye kituo cha kuchotea maji, kile tunachokiita dipi, mambo ni hayo hayo kwa kipimo kikubwa zaidi. Mkoa wetu una bahati: maji ya Ziwa Victoria yanasukumwa kutoka Ihelele, Misungwi, katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009, na bomba limebadilisha maisha kila lilikofika. Tunayahitaji hasa kwa sababu kisima si jibu la kila mahali huku. Maji mengi ya chini ya ardhi Shinyanga yana chumvi, na sehemu nyingine yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo hiyo inayowatia watoto meno ya kahawia. Kuchemsha maji hakuiondoi.

Lakini bomba linaishia kwenye koki. Kuna dipi ninayoipita kila wiki. Koki yake ilikatika uzi. Watu wakaifunga kwa mpira wa baiskeli, ikavuja usiku kucha, mita ikasoma maji ambayo hakuna aliyeyalipia, na anayeuza maji akaifunga dipi kwa kufuli ili deni lisimwangukie. Koki mpya ni kitu cha shilingi elfu chache dukani Maganzo. Ilihitaji kikao, kisha muhtasari, kisha sahihi ya mtu aliyekuwa safarini. Wiki zote hizo wanawake walirudi kwenye lambo, wakachota upande huu huku ng'ombe wakinywa upande ule na vijana wakisuuza changarawe ya almasi kwenye chekeche. Rejesta yangu ya kuharisha ikajaa. Katika taarifa ya robo mwaka, dipi ile iliandikwa kuwa inafanya kazi.

Wazee wanaijua hadithi hii tangu zamani. Mwaka 1974 Waholanzi walikuja Shinyanga na mradi mkubwa wa visima vifupi, wakafunga pampu za mkono vijijini. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini pampu ya mkono huisha mpira wa ndani, na asiyejua mpira huo unauzwa wapi, na nani ataulipia, ana kisima kwa jina tu.

Msidhani zahanati imesalimika. Kuna usiku nilimsindikiza mjamzito. Gata la paa lilikuwa limekatika tangu mvua zilizopita, kwa hiyo simtanki lilikuwa tupu. Ndugu yake alikuja na kidumu chake, na ndiye aliyemmiminia muuguzi maji kwa kikombe, kidogo kidogo, ili yabaki ya kuwasafisha mama na mtoto. Muuguzi yule ana cheti na anajua hatua zote za kunawa. Alinawa kwa vikombe viwili.

Nje ya mkoa wetu, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita, hatari inaongezeka. Anayekamata dhahabu kwa zebaki hukoroga kwa mikono mitupu ndani ya karai, kisha hukaa kula pembeni ya mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Maji hapo ni ya kuoshea mchanga. Zebaki haiuliwi na sabuni, na maji machache hayaiondoi.

Kipindupindu kilipoingia mkoani kwetu na kwa jirani zetu Simiyu, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, ndoo za koki zilijaa kila mahali: mnadani, msibani, ofisi ya kijiji. Ziliwekwa, na watu wa kuzijaza maji wakapangwa. Watu walinawa, hata walevi. Ugonjwa ulipotulia, waliopangwa kujaza maji wakaacha. Ndoo nyingi sasa zinahifadhi mahindi.

Kwa miaka hii nimeona machache yanayodumu, nayo yana sifa moja: hayaombi maji mengi na hayaharibiki. Kumimina badala ya kutumbukiza ni mojawapo. Mtoto akishika jagi, wote hunawa kwa kiasi kile kile cha maji ambacho kingejaza beseni, na wa mwisho anapata maji safi kama wa kwanza. Wazee waliokataa mwanzoni walikubali nilipowaambia kwamba kumiminiwa ni heshima. Jingine ni sabuni ya unga iliyochanganywa na maji katika chupa ya lita moja na nusu, kizibo kimetobolewa. Panya hawaili, na pakiti ndogo inakaa muda mrefu. Sabuni ikikosekana, majivu ya jikoni yanasaidia.

Hayo ni ya kushikilia uhai tu. Kunawa mikono kwa kweli kutakuja dipi ikiwa karibu na ikiwa wazi. Sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, imezipa jumuiya za watumiaji maji mamlaka ya kukusanya fedha na kuendesha miradi. Basi jumuiya zinunue koki na mipira ya akiba leo, ziviweke kwenye sanduku kijijini, na fundi wa hapo hapo aruhusiwe kubadilisha bila kusubiri kikao. Sisi wananchi tulipe shilingi yetu ya dumu na tudai kusomewa mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji. Na wewe unayekuja na mradi, kabla ya kuwafundisha mama zetu kunawa, nenda kwanza kwenye dipi, ufungue koki, uone kama maji yanatoka.